Mbwa wa Hoteli Mwenye Mbavu Nje

Kama una mbwa anayekula kuliko mume wako, na bado mbavu zake mtu anaweza kuzihesabu akiwa ng'ambo ya barabara, vuta kiti. Mimi si daktari. Mimi ni mpishi, nina hoteli ndogo hapa Maungu, chapati na mandazi asubuhi, ugali na maharagwe mchana, na sijasomea wanyama hata siku moja. Lakini nina mbwa ambaye watu watatu waliosoma waliniambia hatamaliza mwaka, na mwaka umeisha, mwingine umeanza, na mbwa yupo. Ananenepa. Juzi nimemfokea kwa kuiba chapati, na nilipomaliza kumfokea nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kwa hiyo nisikilize, hata kama wewe umesoma.

Tanboi alikuja na malori. Madereva wa masafa marefu husimama hapa Maungu kula na kupumzika, na kiangazi kimoja, kile ambacho hata mbuzi walikuwa wanakula makaratasi, trela moja liliondoka likamwacha mbwa. Alilikimbiza mpaka pumzi ikakata, akarudi, akakaa pale pale lilipokuwa limesimama, macho barabarani. Siku tatu. Kila lori jipya likiingia anainuka, anazunguka magurudumu yote akiyanusa, kisha anarudi kukaa. Mume wangu Mwadime ni fundi wa pancha, kibanda chake kimepakana na hoteli yangu, na ndiye aliyempa jina hilo la utingo wa lori. "Huyu ni tanboi," alisema. "Ona anavyokagua upepo." Siku ya nne nikampelekea makoko ya ugali na mchuzi. Akala, akanifuata mpaka jikoni, na mambo ya kusubiri lori yakaisha.

Basi nikadhani nimepata mlinzi. Kumbe nimepata mgonjwa.

Alikuwa anakula sufuria nzima, halafu baada ya muda mfupi anatoa choo kingi kuliko alichokula. Samahani kwa mnaosoma mkiwa mezani, lakini ugonjwa huu hausimuliki bila choo. Kilikuwa cha manjano, laini, kinang'aa mafuta, na harufu yake ilitembea mpaka kwa wateja. Na njaa! Akimaliza chakula anakula udongo. Anakula gunia. Alikula nusu ya ndara yangu ya bafuni na kitambaa cha Mwadime cha kufutia grisi. Tumbo linanguruma mpaka mtu anageuka kuangalia kama kuna pikipiki. Na mbavu zinazidi kutoka, mgongo umekuwa kama kamba ya kuanikia nguo, manyoya yamekauka.

Sasa fikiria mbwa huyo amelala mbele ya hoteli. Dereva mmoja alisimama mlangoni, akamtazama, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama Mghoi, ikiwa mbwa wa hoteli yuko hivi, sisi wateja tutatoka salama kweli?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu biashara ni biashara, lakini roho iliniuma sana. Mimi sijawahi kuuza chapati ya jana. Kuambiwa nanyima mnyama chakula, mimi!

Muuza dawa za mifugo hapa Maungu akasema ni minyoo. Nikampa dawa ya minyoo. Mwezi wa pili nikampa tena, na wa tatu. Hata mnyoo mmoja sikuuona, na muuza dawa akaniambia basi, huyo hamalizi mwaka. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mifugo, ambaye hunywa chai kwangu, alimbonyeza tumbo akatikisa kichwa. "Huyu ana ugonjwa wa kuzaliwa. Usijisumbue, mama. Mwache aende." Nilimmiminia chai nusu kikombe siku hiyo, na hakuniuliza sababu.

Nikaamua kumpeleka Voi kwa daktari wa mifugo. Makondakta wawili wakamnusa, wakafunga mlango. Aliyetubeba ni mama mmoja wa Bomeni aliyekuwa anarudi Taveta na pikapu tupu baada ya kuuza ndizi Mombasa. Alisema tu, "Panda naye huko nyuma, mimi pua yangu iliziba zamani." Nikapanda na gauni langu la kanisani, nikakaa juu ya majani ya migomba nikimshikilia mbwa, upepo unanipiga, na watu wa barabarani wananipungia mkono kama mheshimiwa.

Pale kwa daktari kuna benchi moja refu la ubao na ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega. Nimekaa kwenye benchi hilo mara nyingi kuliko nilivyokaa kwenye kiti cha kinyozi maisha yangu yote. Siku hiyo ya kwanza alikuwepo mzee wa Sagalla na mbuzi, bwana mmoja na jogoo kwapani, na mwanamke mwenye paka ndani ya boksi. Tanboi akaachia hewa. Jogoo mwenyewe alinyamaza. Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kwa adabu, ati wanafuata kivuli, mpaka tukabaki na benchi lote sisi wawili. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mzee wa Sagalla alirudi, akaketi karibu nami, akasema, "Wangu alikuwa hivyo hivyo wakati wa kiangazi, binti yangu. Mgonjwa hanuki kwa kupenda." Sijui jina lake mpaka leo, lakini Mungu ambariki.

Daktari ni msichana mdogo, mwembamba, mikono yake ina nguvu kama ya mkamua ng'ombe. Alimweka Tanboi kwenye mizani. Kilo kumi na tatu, mbwa wa kimo cha goti langu na zaidi. Dawa za kwanza hazikufanya kitu. Za pili zikapunguza harufu wiki moja, ikarudi. Mara ya tatu akamtoa damu akaipeleka Nairobi kupimwa, tukasubiri. Majibu yalipokuja alinipigia simu nikiwa nasukuma chapati, nikaweka simu begani.

"Mama, ni kongosho lake," akasema. "Halifanyi kazi. Chakula kinapita bila kusagika. Anakufa njaa na tumbo limejaa."

Niliacha ile chapati ikaungua. Nilikuwa nimelaumiwa miezi, nikajilaumu mwenyewe pia, kumbe mnyama alikuwa anakula kweli na chakula hakimfai. Nikauliza dawa ni nini. Akasema kuna unga wa kutoka nje ambao kuupata ni kazi, lakini kuna njia nyingine: nichukue kongosho la ng'ombe aliyekaguliwa, bichi, nilikate vipande vidogo vidogo, nichanganye na chakula chake, nisubiri nusu saa ndipo ale. Asubuhi na jioni. Na sindano ya vitamini kila wiki mpaka atakaponiambia vinginevyo.

"Mpaka lini hilo kongosho?"

"Mpaka afe, mama," akasema. "Kwa uzee, tukijaliwa."

Kichinjioni Voi kuna mtu anaitwa Kilonzo ambaye hushughulika na matumbo. Nilipomwambia nataka kongosho alinipa wengu. Nikampelekea daktari ahakikishe, akacheka, akanichorea kwenye karatasi. Nikarudi na karatasi. "Ala! Hako?" Kilonzo akasema. "Hako tunatupia wale ndege marabu, mama." Ni kinyama kirefu, chepesi, rangi ya ufizi, kimejishika kando ya matumbo. Akawa ananiwekea kwenye mfuko mara mbili kwa wiki. Haikupita muda, uvumi ukafika Maungu kabla yangu: Mama Mghoi ananunua vitu vya kutupwa kichinjioni, analisha watu. Siku mbili hakuna aliyeagiza mchuzi. Siku ya tatu nilitoa ubao wangu wa bei nje, nikafuta bei zote, nikaandika kwa chaki: KONGOSHO NI LA MBWA. MCHUZI NI WENU. Wakarudi.

Na Tanboi akaanza kupona. Mvua za masika zilimkuta na kilo kumi na nane. Manyoya yalirudi, yakang'aa, na nikagundua mbwa wangu ni wa rangi ya asali, si wa vumbi kama nilivyodhani. Alianza tena kukagua magurudumu. Nilimpiga picha nikampelekea yule dereva aliyenicheka, nikamwandikia, "Karibu chakula."

Ningekuwa mwongo ningemalizia hapo.

Mwisho wa masika tembo waliingia shamba la mamangu kule Makwasinyi. Walikula mahindi, wakavunja tangi, wakalalia ukuta wa jiko. Mama ana miaka sabini na kitu, anaishi peke yake chini ya mlima Kasigau, na mambo ya kuhama hataki hata kuyasikia. Lakini jiko likishavunjika mwanamke hana la kusema. Alikuja kwangu na kikapu kimoja na mbuzi watatu, akaniambia ni kwa muda tu, mpaka ukuta usimame.

Mama na mbwa ni habari nyingine. Kwao mbwa ni wa kulinda shamba, analala nje, hapewi jina la kuitwa kwa upole. Alimtazama Tanboi akila kwenye bakuli lake, akasema, "Huyu ana sahani, mimi nililelewa tukila kwenye jani." Lakini ni mtu wa kazi, hawezi kukaa bure. Wiki ya kwanza tu akaniambia, "Wakesho, wewe unatoka kabla ya jogoo kwenda kwa mandazi yako, unarudi usiku. Niachie huyu mgonjwa wako, asubuhi na jioni." Nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Nikamwonyesha mfuko kwenye friji. Nikamwambia, "Mama, usipike. Kata, changanya, ngoja nusu saa, mpe."

Akasema, "Nimesikia."

Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa pili harufu ikarudi. Nikajiambia ni mabadiliko ya hewa. Kisha udongo, kisha magunia. Tulipofika kwenye mizani ya daktari alikuwa na kilo kumi na tano, wiki mbili baadaye kumi na mbili. Manyoya yanatoka kwa mkono. Nilienda kichinjioni nikamwambia Kilonzo mbele ya watu wote kwamba ananiuzia uozo. Yeye aliendelea kuosha matumbo, akajibu taratibu tu, "Mama, ni ile ile." Nilimpigia daktari kelele mpaka watu wa benchi wakachungulia. Akabadilisha dawa, akaongeza sindano, akanipa nyingine ya tumbo. Tukaingia kipupwe. Tanboi akaacha kuamka lori likiingia. Anainua sikio moja tu, analishusha.

Ndipo daktari akaniambia, na sauti yake haikuwa nzuri, "Mama Mghoi, tumejaribu. Wengine hawajibu matibabu. Anateseka sasa. Tufikirie kumpumzisha."

Huyo alikuwa mtu wa tatu. Wale wawili niliwakasirikia, lakini huyu nilimwamini. Tukapanga Ijumaa. Nilipomwambia Mwadime, alichukua tyubu akaanza kuiziba, na ile tyubu alikuwa ameshaiziba asubuhi. Binti yetu Mghoi yuko shule ya bweni, sikumwambia. Nililia jikoni hotelini nikisingizia vitunguu.

Jumatano maji yalikatika Maungu nzima. Hoteli bila maji ni banda tu, basi nikafunga saa nne asubuhi nikaenda nyumbani, hapo nyuma tu ya kibanda cha Mwadime. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapuliza moto. Tanboi ameketi mbele yake, amejikunja kwa unyonge, anangoja kwa heshima zote. Na juu ya mafiga kuna sufuria ndogo inatokota, na ndani yake vile vinyama vyangu vimekuwa vyeupe kama sabuni.

"Mama, unapika nini?"

"Chakula cha huyu mwanao," akasema bila kugeuka. "Nimemtilia na chumvi kidogo. Maskini, anakwisha."

Sikumbuki nilivyovuka mle jikoni. "Umekuwa ukipika? Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kwani mimi ni fisi, nimpe mtu wa nyumbani nyama mbichi?" Akanigeukia sasa. "Mbwa akionja damu, mwanangu, hana kurudi. Leo atakula hivyo vya mfuko, kesho mbuzi wangu. Nimeyaona Makwasinyi kabla wewe hujazaliwa. Nikasema nimtengenezee vizuri, kiive, kiwe laini, apate nguvu."

Na hapa ndipo naona haya kuandika, lakini nilisema nitawaambia yote. Nilimwambia mamangu mzazi, "Umemuua. Kila siku umekuwa ukimuua mbwa wangu kidogo kidogo kwa mikono yako."

Akaweka mwiko chini. "Mimi nimelea watoto sita," akasema polepole. "Hakuna aliyekufa kwa chakula kilichoiva." Akainuka, akaingia chumbani. Nikasikia kikapu kinavutwa kutoka uvunguni.

Mwadime alisikia sauti zetu akaja, akasimama nje ya mlango. Tangu mama afike, mume wangu hakuwa ameingia jikoni hata mara moja. Mkwe haingii jikoni mama mkwe akiwemo, ndivyo alivyolelewa, na ndiyo maana hata yeye hakuona sufuria. Nikamweleza. Nilitaka anitetee.

"Ulimwambia asipike," akasema.

"Nilimwambia!"

"Ulimwambia kwa nini?"

Nilikuwa nimempa mamangu amri kama ninavyompa msichana wa kuosha vyombo. Kata, changanya, ngoja. Mwenye kumjua mama anajua "nimesikia" yake haina maana ya "nimekubali". Mimi namjua miaka hamsini. Nilipaswa kujua. Hakuwa amekaidi kwa ubaya. Alikuwa amempenda yule mbwa kwa njia pekee anayoijua ya kumpenda mtu anayekonda, kumpikia mpaka kiive.

Nikaenda mlangoni kwake nikapiga magoti, na magoti yangu si ya kupigwa siku hizi. "Mama, nisamehe. Nimekukosea adabu."

Alikuwa anakunja kanga. Hakunitazama. "Nionyeshe," akasema. "Wewe unasema bichi linasaidia na lililoiva haliwezi. Nyama ni nyama. Nionyeshe, nione kwa macho yangu, la sivyo naenda kwangu hata kama tembo wamo ndani."

Nikakumbuka kitu nilichokuwa nakiona kila asubuhi wakati nalisha mwenyewe, sikukitilia maanani. Nikasonga ugali mgumu, nikauacha upoe, nikaugawa kwenye mabakuli mawili. Moja nikalitia kongosho bichi, jingine lile lake la sufuria likiwa limepoa. Nikachanganya, nikayaweka mbele yake kwenye mkeka. Tukaketi. Mwadime akaketi kizingitini na mgongo wake kwetu, ili asiwe ndani. Tukangoja nusu saa.

Ugali wa bakuli la pili ulibaki ugali. Ule wa bakuli la kwanza ulianza kulegea pembeni, ukatota, ukakatika, na mwishowe ukawa uji mwepesi wa kunywa. Mama alichukua kijiko akaukoroga. Akaukoroga tena. Akakoroga na ule mwingine.

"Unajila wenyewe," akasema.

"Ndiyo, Mama. Hiyo ndiyo kazi ambayo tumbo lake haliwezi."

Akaweka kijiko chini. "Basi ni kama hamira. Ukiitilia maji ya moto, inakufa, mandazi hayaumuki."

"Ndiyo, Mama. Kama hamira."

Akaniangalia kwa lile jicho ambalo hata leo linanifanya nijikague kama nimenawa. "Na wewe Wakesho, mpika mandazi miaka yote hii, ukashindwa kuniambia hivyo?"

Mwadime pale kizingitini akakohoa. Najua mume wangu akicheka.

Nikampigia daktari. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamwambia. Akasema ananipa wiki tatu. Akipanda kilo, tunaendelea. Asipopanda, tutafanya tulichopanga, kwa sababu hatuwezi kumtesa. Nikakubali.

Tangu siku hiyo mama hakuniruhusu kugusa kazi. Alinunuliwa kisu chake na ubao wake. Alikata kongosho dogo dogo kama anayekatia mtoto, akachanganya, akafunika na sahani, akangoja akitazama saa ya ukutani. Kuhusu mbuzi hakuamini mtu. Siku za mwanzo aliwafunga mbuzi mbali, akaketi katikati na fimbo, akimtazama Tanboi machoni amalize. "Jaribu," alimwambia. "Jaribu tu uone." Tanboi alimaliza, akamlamba mkono ulioshika fimbo, akalala. Wiki ya pili mbuzi mdogo alikata kamba akaenda akampanda mgongoni. Tanboi alifungua jicho moja, akalifunga. Mama alitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka fimbo ukutani.

Nami nilienda kichinjioni. Wale wale watu waliosikia nikimtukana Kilonzo nilihakikisha wananisikia nikimwomba msamaha. Nilimpelekea mandazi ya moto. Akala moja, akasema, "Nilikuambia ni ile ile." Nikamwambia ale la pili anyamaze.

Siku ya kumi na moja, nikiwa hotelini, Mwadime alikuja mbio, mikono ina grisi. "Mamako ameniita," akasema. "Ameniita mimi, kwa jina la mtoto." Nikaacha chapati nikakimbia nikidhani mbwa amekufa. Mama alikuwa amesimama nyuma ya choo cha nje, mikono kiunoni, anaonyesha chini kwa kidole.

"Baba Mghoi, tazama."

Kilikuwa choo. Kigumu, cha kahawia, kidogo, kimoja. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mwadime alisimama mikono nyuma kama aliye mbele ya madhabahu, mbele ya mama mkwe wake, akakitafakari.

"Ni kizuri, Mama," akasema. "Ni kizuri sana."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikalia, na safari hii hapakuwa na kitunguu cha kusingizia.

Nataka niseme kitu kwako unayehangaika na mnyama kama wangu. Utachoka. Utanuka. Utagombana na watu ambao hawakukosea. Kuna asubuhi utatamani afe tu ili ulale, na kufikiria hivyo hakukufanyi mtu mbaya. Lakini kila atakayemshika huyo mnyama, hata kwa siku moja, usimpe amri. Mwambie sababu. Mkalishe umwonyeshe mabakuli mawili. Mimi kiburi changu cha kujua nusura kinizikie mbwa, na kinifukuzie mama.

Wiki tatu zilipotimia tulikwenda Voi sote, mama pia, na kilemba chake cha Jumapili. Alikataa kubaki nyumbani. Kwenye benchi alikaa wima, kamba ya Tanboi ameizungusha mkononi mara mbili, na kila mtu aliyetazama mbavu zake, kwa sababu bado zilikuwa zinaonekana, mama alimtazama mpaka akageuka. Nilijua kwenye kabati lile la daktari kuna sindano gani.

Daktari akamweka kwenye mizani. Namba zikacheza, zikasimama. Kumi na tano na nusu. Akamshusha, akampandisha tena kuhakikisha, ikawa ile ile. Alivua miwani akajipangusa macho, yule msichana wa mikono ya nguvu, kisha akajifanya anatafuta kalamu.

Kadi ya Tanboi ilikuwa imejaa pande zote. Akatoa kadi mpya, akaandika jina la mbwa, rangi, uzito. Kisha, kwa mazoea tu, kalamu ikiwa tayari kwenye mstari, akauliza, "Mwenye mbwa?"

Nikafungua mdomo kujibu.

"Andika Mkamburi," mama akasema. "Mkamburi wa Makwasinyi. Mimi ndiye niliyempikia akaisha hivi, na mimi ndiye ninayemlisha sasa. Akikonda tena usimsumbue huyu, uniulize mimi."

Daktari akanitazama, kalamu imesimama. Huyu ni mbwa wangu. Nilimbeba juu ya majani ya migomba, nikakosana na mji mzima kwa ajili yake, na nina kiburi naye kuliko hoteli yangu. Nikamtazama mamangu, ameishika ile kamba kwa mikono miwili, anangoja niseme.

"Mwandike," nikasema.